Nilimtag mwenye code kabla hatujaifuta, na safari hii akajibu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Nipo Morogoro mjini. Tukiwa chuo Mzumbe tulianzisha software ya open source, ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuichangia, ya bei za mazao. Ni kazi ya kujitolea, hakuna mshahara.

Kipande cha kutuma bei kwa SMS aliandika Zuhura, binti wa Mgeta. Nilimpenda yule dada, wakuu. Tulikuwa tunapanda wote kwao kukijaribu kwa wakulima wa karoti na kabichi, mvua inatunyeshea, yeye anacheka ninavyoteleza.

Baada ya chuo akapata kazi nje ya nchi, akapotea. Simu haipatikani.

Nikawa namtag kwenye mradi kila bug, yaani hitilafu, ikitokea. Nyingine ningezimaliza mwenyewe kabla chai haijapoa, mtanisamehe. Kimya.

Nikajipa moyo kwamba account ile haifungui tena.

Sasa code isiyo na mtunzaji, kama hiyo ya Zuhura, inaoza, na inaharibu mpaka zile nzima. Utaratibu wetu ni kutangaza kwamba itaondolewa, unamtag aliyeiandika, mnasubiri mwezi. Akitokea wa kuibeba, inabaki.

Kwanza nikapanda Mgeta kuuliza kama bado inatumika. Nilifikia kwa mama mdogo wa Zuhura.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bei siku hizi dalali anatuma WhatsApp. Na mwenzio, mnaongea?"

"Hapana, mama."

Akanifungia njegere za kwenda nazo.

Nikatangaza, nikamtag. Moyoni nilikuwa naomba aseme msiondoe, narudi.

Jibu lilikuja siku ileile.

"Ondoeni tu. Tags zote nilikuwa naziona. Msinisubiri."

Nilikaa pale kwenye kiti mpaka laptop ikazima skrini yenyewe. Miaka yote hiyo alikuwa anasoma.

Mwezi ulipoisha hakuna aliyejitokeza, nikaifuta kwa mkono wangu. Kwenye history ya mradi, inayotunza hata kilichofutwa, mistari yake bado ipo, na huwa naenda kuisoma. Nimemmiss sana.

Nilichojifunza: ukiamua kuondoka kwa mtu, mwambie. Hata code tunaitangazia.

Kama kuna mkuu aliwahi kusubiri mtu hivi, aniambie aliachaje, maana mpaka leo notification ikilia naikimbilia.