Siku Nilipomsemea Fundi Rehema

Jamani, hii naisimulia kwa aibu zangu zote, maana kuna wanawake wanane wa Kerende ambao mpaka leo tukikutana mjini Tarime wananiinulia kiganja, na si kwamba wananisalimu, wananicheka.

Yote yaliletwa na uamuzi mdogo tu. Fundi Rehema, mwenye cherehani zake hapa Nkende (ukiingia mlangoni tu ameshajua upana wa mabega yako), alikubali tumrekodi akifundisha kushona, ili wanawake wa Kerende wasioweza kuacha shamba na watoto wajifunze hukohuko. Mimi na mwenzangu Bhoke tukatengeneza programu ya kubeba kwenye flashi: unachomeka kwenye kompyuta yoyote inayotumia mfumo wa Linux, video inacheza, bila intaneti wala kusakinisha kitu. Ila ilibidi tuchague maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, ya kuchezea picha na sauti. Bhoke alitaka ile unayoifungasha na kila kitu chake ndani, nzito, ina maelezo marefu ya kuchosha. Mimi nikang'ang'ania ile nyepesi, mistari michache umemaliza, kwa sababu yenyewe inaazima vifasiri, vile vinavyoisaidia kompyuta kusoma video na sauti, vilivyomo tayari kwenye kompyuta.

"Na kama havimo?" Bhoke akauliza.

"Mbona kwangu vimo?"

"Kwako, mura. Kerende si kwako."

Nikamwona mgumu tu. (Bhoke anajaribu kazi yake kwenye kila kompyuta mbovu anayoipata, hata ya jirani, mimi nilijaribu kwenye yangu mara thelathini, zote ikakubali, ningetaka nini tena?)

Siku ya majaribio wakaja hapa Nkende, kwa Fundi, wale wanane, walioomba ruhusa ya siku moja tu nyumbani, kila mmoja na kitambaa kipya cha blauzi alichonunua mwenyewe. Nikamwamkia Fundi shikamoo, akaitikia, akatoa sharti lake palepale: "Naenda kuswali adhuhuri. Nikirudi nikute blauzi zimekatwa vizuri bila mimi, masomo yangu yaende Kerende. Zikiharibika nafunga hii habari, sitaki jina langu liharibu vitambaa vya watu."

Kompyuta zilikuwa tatu za kuazima, kila moja na Linux ya aina yake. Ya kwanza programu haikufunguka kabisa. Ya pili ikaonyesha dirisha jeusi ikajifunga. Ya tatu picha ikatoka safi, Fundi Rehema huyo, midomo inacheza, sauti hakuna. Bhoke akaninong'oneza, "Waambie ukweli wasubiri," akatoka na simu kutafuta mtandao apakue vilivyokosekana, na mtu mwenye akili angesubiri, lakini mimi nikaona wale akina mama wananitazama, nikajikuta nasema, "Msijali, nitawaelezea mimi," si video nimeitazama mara thelathini? Kumbe mara zote hizo nilikuwa naangalia kama sauti inaenda sawa na midomo. Alichosema sikushika hata neno.

Mwanzo nikapatia. Kunja kitambaa, haya, piga chaki, haya, nikaanza kunogewa, napita katikati ya meza mikono nyuma, "safi sana, mama." Tukafika kwenye shingo. Kwenye skrini Fundi akalaza kiganja chake kizima juu ya kitambaa, kisha akakiinua akakitikisa.

"Kiganja kizima!" nikatangaza. "Kateni!"

"Si kubwa, mwalimu?" akauliza Mama Wankuru, aliyekaa mbele.

"Fundi ndiye kasema."

Mikasi minane ikakata.

Fundi aliporudi alimkuta Mama Wankuru amejaribu ya kwake, kichwa kimepita na mabega yote mawili yamepita. "Nani kawaambia kiganja?" Wote wakanigeukia. "Pale nilisema msithubutu kupima kwa kiganja, ndipo wengi wanapoharibu."

"Sauti iligoma, Mama."

"Sasa kwa nini hukuniita? Nilikuwa hapo nyuma ya ukuta."



Basi nilichokiona baada ya hapo sitakisahau. Yule mama hakufoka. Alivaa miwani, akamsimamisha kila mmoja mbele yake, akakusanya vipande vilivyobaki, akakata na kushona kola pana za marinda za kuzungushia mabegani, kila moja kwa umbo la mwenyewe, na kabla ya magharibi blauzi nane zilikuwa zimepona, nzuri kuliko ile ya kwenye somo. Nilimshikia kopo la pini, na kwa kweli nilimstaajabia mpaka nikasahau kuona aibu.

Mama Wankuru akamwomba, "Fundi, usitufungie. Tulichokosa ni sauti yako tu."

Fundi akafikiri. "Haya. Bhoke atengeneze ya kwake. Na wewe, Marwa, kila kompyuta atakayoijaribu, utakaa mbele yake ushone blauzi kwa kufuata ninayosema mpaka mwisho."

Ile ya Bhoke, yenye kila kitu chake ndani, ilifunguka kila mahali, mashine nzima na mbovu. Tulipoipeleka Kerende sauti ya Fundi ilijaa chumba kizima, na mimi nilikuwa nyuma kabisa na kitambaa changu, nimeshaapa kwamba kitu kikigoma mbele za watu nitasema kimegoma, basi. Mama Wankuru akapita, akainua blauzi yangu, akaigeuza huku na huku.

"Si haba," akasema. "Leo umeharibu cha kwako."