Paa Tulilolishusha Kavu

Naikumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, asubuhi niliyomcheka Fundi Yohana mbele ya watu mpaka akaikunja rula yake na kuitia mfukoni. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Ilikuwa miaka ile serikali ilipofungulia biashara, wanunuzi binafsi wakapanda huku juu kwetu na malori yao kutafuta korosho. Mtu aliyejua kutembea vijiji vya Mnyambe na Makote, nyumba kwa nyumba, na kuwakusanyia mzigo, aliula. Mimi niliula. Darasa la tatu sikulimaliza, lakini mizani niliijua na watu niliwajua. Sikufichi: nilikuwa na kiburi, na hata leo hakijaniisha chote.

Nikanunua nyumba Newala mjini kwa karani mstaafu aliyekuwa anarudi kwao. Nyumba ya maana, kuta nene, na uani kisima cha kuvunia maji ya mvua yanayoteremka kutoka paani. Ila paa lenyewe lilikuwa la yale mabati ya kijivu, mazito, yaliyotengenezwa kwa simenti na asbesto. Yalishaota ukungu mweusi, na mawili yalikuwa na ufa. Wenzangu waliopata fedha za korosho walikuwa wanaezeka bati jipya linalong'aa, unaliona tangu barabarani. Mimi nikae chini ya paa jeusi? Sikukubali.

Nikamwita Fundi Yohana kutoka Mkomaindo kule Masasi. Mtu wa kanisa, mpole, kanizidi umri kidogo, na mabati ya namna hiyo alishayaezeka sana ujanani. Akapanda ngazi, akalitazama paa kwa muda mrefu bila kuligusa, akashuka.

"Baba Zuhura," akaniambia, "kuezeka jipya si kazi. Kazi ni kulishusha hili. Haya hayavunjwi. Unayalowesha kwanza. Yakishiba maji unafungua msumari mmoja mmoja, unayashusha mazima, unayafunga kwenye nailoni, unayafukia kwenye shimo refu mbali na watu. Na vijana wangu wafunike pua vizuri, nguo wazivulie hapahapa, wasiende nazo kwa watoto wao."

"Siku ngapi?"

"Wiki mbili, na malipo ya wiki mbili. Na maji, tuseme mapipa kumi na mawili. Labda yakazidi."

Hapo ndipo nilipocheka. Wewe umekua bomba likitoa maji, japo kwa kusuasua, kwa hiyo huwezi kunielewa haraka. Wakati ule, kiangazi kikikaza, mwanamke wa Newala aliondoka alfajiri kuteremka bondeni, akarudi jua limepanda na ndoo moja kichwani. Mume alipimwa kwa kisima chake: je, kitafika mvua? Mtoto aliyemwaga kikombe alichapwa. Halafu huyu anakuja kuniambia nimwage mapipa kumi na mawili juu ya paa ninalokwenda kulitupa!

"Fundi," nikasema, kwa sauti ya kusikika barabarani, "huku hata maiti haoshwi kwa pipa zima. Wewe unataka kuniogeshea bati bovu?"

Watu wakaangua kicheko. Mke wangu, Mama Zuhura, ndiye pekee ambaye hakucheka. Akauliza, "Kwani lina nini hilo paa, fundi?"

"Vumbi lake, mama. Lina nyuzinyuzi, huzioni kwa macho. Ukizivuta ndani hazitoki."

"Hazitoki mpaka lini?"

"Hazitoki."

"Vumbi!" nikadakia. "Sisi tumezaliwa kwenye vumbi, tumelala kwenye vumbi. Nenda zako bwana, usitutishe ili upandishe bei."

Akaikunja rula. Akamuaga mke wangu kwa heshima, akaondoka.

Nilikuwa na mdogo wangu wa tumbo moja, Mussa. Kijana wa miaka ishirini na mitatu, ana nguvu na mcheshi, mkewe ana mimba ya kwanza. Alipokuja akanipigia shikamoo, hata marahaba sijamaliza, akasema, "Kaka, nimesikia unatafuta mtu wa kukuogeshea bati. Nipe mimi nyundo, nitakumalizia siku tatu, na tone la maji sitakuomba. Labda la kunywa."

Nikampa nyundo.

Alivunja kavu, mwanangu. Alikaa juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, akawa anapiga, vipande vinaanguka uani kwa kishindo, na kila kimoja kikianguka linanyanyuka wingu. Kisima tulikifunika kwa turubai, mara mbili. Maji tuliyaonea huruma, yasiingie vumbi. Pua ya Mussa hakuna aliyeikumbuka. Aliposhuka adhuhuri kula, alikuwa mweupe mpaka kope, kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga. Nikamwambia, "Karibu, mzungu!" Tukacheka. Akacheka mpaka akakohoa, akajipangusa uso kwa shati lilelile, akala.

Vipande nikawagawia majirani waweke njiani wasikanyage tope. Walinishukuru.

Yangekwisha pale, labda ningekuwa na kisingizio. Hayakuisha. Mimi ndiye niliyempigia Mussa debe. Kila mwenye korosho niliyemkuta na paa la namna ile nilimwambia, "Mchukue mdogo wangu, yeye hataki maji." Likawa ndilo jina lake, Mussa Hataki Maji. Alivunja Newala, akateremka Masasi, miaka kumi na zaidi alikuwa anaitwa huku na huku. Alirudi nyumbani na shati lake la vumbi, wanawe wakamkimbilia, akawabeba.

Miaka ikapita mingi. Kwanza nikaona Mussa akipanda mlima anasimama, anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Baadaye kwenda msikitini, pale karibu, alipumzika mara mbili. Wakampa dawa za kifua kikuu, hazikusaidia kitu. Mwisho tukapelekwa hospitali kubwa, mbali, nami nikamsindikiza.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa mjukuu wangu. Akazitazama picha za kifua, akamuuliza Mussa maisha yake amefanya kazi gani. Mussa akamweleza, kwa vipande vipande, maana sentensi nzima ilikuwa imemshinda.

"Na hiyo ya kuvunja mapaa uliianzia wapi, baba?"

Mussa akanitazama kidogo. Kisha akamgeukia.

"Zamani, daktari. Kwa mtu mmoja."

Huyo mtu mmoja alikuwa amekaa pale, mwanangu, amemshikia begi. Sikufungua mdomo. Mimi niliyekuwa nasikika mpaka barabarani.

Daktari akatueleza kwamba mapafu yamefanya makovu, na makovu yale hayarudi nyuma. Watampunguzia taabu tu. Ni paa lipi lililomdhuru hakuweza kusema, na sikumuuliza. Mussa aliishi mwaka na miezi baada ya pale. Alifariki akiwa ameketi, kwa kuwa kulala kulikuwa kumemshinda.

Fundi Yohana alikuja msibani, mzee wa mkongojo, kaletwa na mwanawe. Nikamvuta pembeni nikamuuliza, "Mzee mwenzangu, siku ile kwa nini hukunikazania?"

Akanitazama bila ubaya wowote. "Nilikutajia kazi na bei yake, Baba Zuhura. Wewe ukasikia bei tu."

Akarudi kukaa na watu.

Na kinachonikosesha raha zaidi ni kwamba nilikuwa na uwezo wa kungoja. Paa lile lilikuwa limekaa miaka mingi bila kumdhuru mtu. Ufa wa mabati mawili ungezibwa. Ningengoja mvua zipite, kisima kimejaa, maji yale yale niliyoyalilia ningekuwa nayo uani kwangu. Miezi sita tu. Lakini nilitaka watu wa barabarani waone bati linang'aa.

Sasa nisikilize, maana najua vijana mnanunua nyumba za zamani na mnarithi nyingine. Ukikuta asbesto iliyo nzima, iache. Usiitoboe, usiikwangue, usipande juu yake. Ukilazimika kuitoa, nenda halmashauri uulize wanaohusika na mazingira wakuonyeshe wanaoijua kazi na mahali pa kuifukia. Ilowe maji, ishuke nzima, ifungwe, isibaki hata kipande cha kumpa jirani, na uani pasifagiwe pakavu. Kitambaa cha kawaida puani hakitoshi. Bei itakushtua. Basi kaa na huyo fundi, mwambie akuoneshe imetoka wapi: haya ni maji, hii ni nailoni, hili ni shimo, hili ni gari, hizi ni siku za watu kufanya polepole. Akija mwingine na bei ya chini, muulize ameondoa kipi kati ya hivyo. Lazima kipo alichoondoa, na yupo atakayekilipia kwa kifua chake. Mara nyingi ni yule anayekupenda, aliyekuja kukusaidia. Ukiwa huna uwezo mwaka huu, ngoja mwaka mwingine. Hakuna atakayekufa kwa kuwa paa lako jeusi.

Mungu akupe nyumba, mwanangu, na kila aliyeweka mkono wake kuijenga aje ale kwako akiwa mzima. Akupe ulimi wa kusema "ni mimi" pale unapotakiwa kusema. Na wadogo zako wazeeke pamoja nawe. Amina.