Santuri ya Ndugu Yangu

Mume wangu hakujua kufanya jambo nusunusu. Alipokuwa mtu wa dunia alikuwa wa dunia kabisa, na alipookoka akataka kutuokoa sote siku hiyohiyo, pamoja na vyombo vya nyumba.

Kabla ya hapo nyumba yetu pale Emali ilikuwa ya santuri. Alizipanga kwenye kabati la vikombe vyangu, na vikombe vikahamia sakafuni ndani ya karai. Watoto hawakuruhusiwa kukimbia sebuleni, sindano isije ikaruka. Wageni, hata waliokuja kutoa pole, walisikilizishwa upande wa kwanza na wa pili ndipo wapewe chai. Nilimwombea mtu huyo aokoke mpaka magoti yakaota sugu.

Katika rundo lile, moja tu ilikuwa yangu. Ndugu yangu aliimba na kupiga gitaa katika bendi ya vijana kwetu Migwani. Walienda Nairobi, wakarekodi santuri moja, wakarudi wakitembea kama mawaziri. Haukupita muda malaria ikamchukua. Picha yake tuliyobaki nayo ni ya kitambulisho, amekunja uso kama mtu aliyekanyagwa kidole. Sauti yake iko kwenye santuri ile tu.

Basi ukaja mkutano wa injili, mume wangu akaokoka. Kwetu, aliyeokoka alileta vitu vyake vya dunia mbele ya watu vichomwe: hirizi, ngoma, tumbaku. Yeye alileta santuri kwa mkokoteni. Zote. Nilipoiona ya ndugu yangu juu ya rundo nilidhani amepitiwa, nikamwendea kumnong'oneza. Hakuwa amepitiwa.

"Mama watoto, ya shetani ni ya shetani," akasema.

"Choma zako. Hii ni ndugu yangu."

Niliichukua, nikaifunga ndani ya leso. Pasta akaniuliza mbele ya watu wote kama nimerudi nyuma, nikamjibu kwamba ninarudi nyumbani kupika. Jumapili iliyofuata nikatengwa na meza ya Bwana mpaka nitubu. Mimi! Mtu niliyemwombea akakaa mbele na tai, nami nikakaa nyuma na wenye watoto wanaolia.

Nilijua hayo yatapita. Lakini nilipotaka kumsikiliza ndugu yangu, sikuona gramafoni. Mume wangu alikuwa ameitoa sadaka kanisani, wakaifungua, wakachomoa spika na kuifunga kwenye mitambo ya mahubiri. Sauti iliyotoka mle ikawa ya pasta, na hakuwa mtu wa kufupisha. Nilikasirika hata nikashindwa kugombana.

Ndiyo maana mchana mmoja niliingia baa iliyo karibu na stesheni, na kitambaa changu cha kina mama wa kanisa kichwani. Niliagiza soda, nikampa mwenye baa santuri. Aliniangalia, akaangalia kitambaa, akaiweka kwenye gramafoni yake. Wenye malori waliokuwa wakinywa hawakunyamaza hata kidogo, nikawachukia mmoja mmoja.

Wimbo wenyewe si kitu, ni wa msichana aliyemkataa. Ninachosubiri ni katikati, gitaa linapobaki peke yake na ndugu yangu anaanza kusalimia watu, kama waimbaji wetu walivyozoea. Anamsalimia mjomba kule Mombasa. Anamsalimia shangazi wa Kiboko na watoto wake wote. Anamsalimia mpaka fundi wa baiskeli aliyemzibia pancha mara moja hapahapa Emali. Mimi niliyekuwa nikimpigia shati lake la bendi pasi, hanitaji.

Alipotuletea santuri nyumbani Migwani, kabla sijaolewa, nilinuna, nikamuuliza kwa nini mimi sipo. Akacheka.

"Salamu ni za watu walio mbali. Wewe si uko hapa?"

Nilimwona mjinga siku ile, na kwa miaka mingi baadaye. Pale kwenye baa, akimaliza kumsalimia yule fundi, kuna mahali anavuta pumzi kabla ya kurudi kuimba. Hapo ndipo nilipotaka kumwambia kwamba sasa mimi niko Emali, nimeolewa, niko mbali kama hao wengine, angenitaja tu. Akarudi kwa msichana wake. Nikamwomba mwenye baa aiweke tena.