Nani aanze kuamkia, Bibi Tekla au Yesu?

Leo jumuiya yetu ya sala hapa Mgeta nusura igombane kwa sababu ya shikamoo 😂

Tafakari naongoza mimi. Kila nikiuliza "neno gani limekugusa?", watu wanatazama miguu yao.

Leo tumesoma Yesu alivyoingia kwa Zakayo, nikabadilisha swali: "Akiingia kwako utamwambiaje?"

Bibi Tekla, ambaye huwa haongei kabisa: "Nimwamkie mimi? Si kijana yule?"

Weee!
"Bibi, huyo ni Mungu!"
"Lakini Bibi ni mkubwa!"
Nyumba nzima inaongea.

Bibi akamaliza mwenyewe: "Ataniamkia. Nitaitika, marahaba mwanangu. Halafu nimuulize kama mwanangu Denisi niliyemzika anakula vizuri huko."

Sala ya kufunga ilinishinda.

Nyie mngemuulizia nani?