Muguu ya Shaba Haikurudi

Juzi mutoto ya jirani aliingia kwangu mu nyumba na uso ya buluu, buluu mpaka mu masikio. Mi nikafikiri ni kifo imekuya kunikamata, imejipaka rangi juu nisiitambue. Nikamuambia: "Kama we njo kifo, ikala kwanza, bukari, ugali yangu, bado kuiva." Akacheka mpaka akashika mulango. "Kambo, ni mi! Mi njo Kobalti. Tunafanya tiyatre, muchezo ya kuigiza, kule ku mize, mu nyumba mupya ya kuonyesha majiwe. Kuya uone."

Nyumba ya majiwe. Rafiki yangu, ile neno ilinirudisha mbali. Batoto ba leo banazania bao njo ba kwanza kufundisha batu mambo ya jiwe na tiyatre. Aka! Mi mwenye sikusoma hata siku moja, mi mwenye natia kidole pa fasi ya jina, nilicheza mu ile tiyatre mbele mama yao azaliwe.

Wakati ile Kolwezi ilikuwa inaamuka na sirene ya kampani ya kuchimba shaba. Sirene inalia, batata banatoka mu kambi sawa sisimizi, bamama banawasha mbabula, moshi ya makala inajaa mu njia, na mu ile moshi unasikia harufu ya kalanga ya kambo yangu, mama ya mama yangu. Ye alikuwa anakaanga, mi nabeba sahani pa kichwa. Masomo ilikuwa ya bandugu yangu banaume. Kambo alisema: "Mutoto mwanamuke akijua kuhesabu kalanga, amemaliza masomo."

Pembeni ya masomo ya kampani kulikuwa nyumba moja ya matofali. Ndani balipanga majiwe mu masanduku ya vitre, ya kioo: ya kijani, ya buluu, ingine nyeusi sawa makala. Kila siku ya posho, njo jumamosi, mwalimu ya majiwe alikuwa anaingiza batoto mule. Mutu mwembamba, pua yake imeziba, ikuwe mvua ao jua. Hakufundisha na ubao, alifundisha na batoto benyewe. Mutoto moja njo Mvula, moja njo Mashine ya kusaga, batoto mingi bao njo Povu, na binti ya mutu ya treni njo Shaba. "Ecoutez, musikilize, batoto!", na ile pua yake, "jiwe haina kinywa! Kinywa ya jiwe njo shiye, mi na ninyi!"

Mi nilikuwa pa dirisha na kalanga yangu, namuiga. Pua, mukono, yote. Batoto bakaanza kucheka ndani. Akatoka, akanishika sikio. "Njo we mwenye kinywa mingi? Bon. Ingia. Lala pale chini. We njo Sterili. Sterili haisemake kitu."

Kama hauijue, sterili ni jiwe yenye kuwa bure, haina kitu ndani. Banaisaga pamoja na jiwe ya shaba, banaitia mu mayi, banamwanga mafuta ya mawese, banapuliza upepo. Povu inapanda, inabeba shaba juu. Sterili inabakia chini, kisha banaenda kuitupa pa kilima. Mwalimu alituonyesha kwanza mu kopo ya vitre, na kweli, kijani ilipanda na povu, na ile harufu ya mawese ikatupatia njaa bote. Halafu tukacheza. Mi nimelala na gunia, nimepakwa majivu. Shaba amelala pembeni yangu. Mapovu yanakuya, yananiruka moja moja, Shaba anasimama, naye ananiruka, banamunyanyua pa mabega. Na mi, kimya. Ule mwalimu alichagua mutoto mwenye kinywa kuliko bote, akamupatia kazi ya kunyamaza! Alikuwa na akili mubaya ule mutu.

Lakini nilipenda. Mu ile kambi hakuna mutu alikuwa ananiangalia mi, banaangalia kalanga. Pale chini nikajua kila mutoto na muguu yake. Mvula alikuwa na kisigino ya kupasuka. Mashine alinuka samaki. Shaba alikuwa na kovu ya moto pa kidole kikubwa, na kila mara akiniruka ananigusa tumbo kidogo na kile kidole, juu nicheke na mwalimu anigombeze. Bengine baliniruka tu. Ye alikuwa ananisalimia.

Kisha kambo akasikia. Mama we! "Banakuruka? We, mutoto mwanamuke, banakuruka?" Kwetu mutu mwenye kulala, hapana kumuruka. Ukimuruka mutoto, hatakomaa. Ukimuruka mwanamuke, tumbo yake inajifunga. Na dawa yake ni moja tu: mwenye kukuruka arudie pale pale alipitia. Kambo akaenda ku mwalimu na sahani yake pa kichwa. "Tata mwalimu, mambo yako ya povu sikatae. Lakini kila mutoto arudishe muguu." Mwalimu akasema: "Mama, ile ni siyansi! Shaba ikisha kupanda haishuke tena!" Kambo akamuuliza: "Basi ile siyansi yako njo itamuzalia huyu batoto?" Mwalimu akafunga kinywa. Lakini na ile pua, akakosa fasi ya kupumulia, akaifungua tena. "Bon, mama. Barudishe."

Tangu pale, tiyatre ikiisha, bote banapanga mustari, banarudia juu yangu, na kambo pa mulango na sauti yake ya soko: "Rudisha muguu! We, rudisha muguu! Ule bado!"

Siku ya tiyatre kubwa, bakubwa ba kampani balikaa mbele, bamama nyuma na batoto pa mugongo. Tulicheza muzuri kabisa. Shaba akaniruka, akanigusa tumbo, mapovu yakamunyanyua, na makofi ilikuwa mingi mpaka bakamupitisha pa mulango, bakamutosha inje. Inje mama yake alikuwa anamungojea na mizigo. Baba yake, mutu ya treni, kazi ilikuwa inamutuma kuikala fasi ingine, mbali, na treni ilikuwa tayari pa gare. Kama Shaba alijua na alinificha, ao hakuambiwa, mpaka leo sijue. Ndani bengine bakarudisha miguu yao. Kambo akaangalia mustari. "Moja hayuko. Shaba iko wapi?"

Kambo alikuwa na magoti mubaya, lakini siku ile alikimbia. Akanivuta mukono, mi na gunia na majivu, batu mu njia banasema: "Ule mutoto banamufukua wapi?" Pa gare treni inapiga filimbi. "Lala!" "Kambo, hapa?" "Lala, nimesema!" Nikalala pa simenti pembeni ya treni. Kambo anapiga pa dirisha: "Mutoto! Shuka! Rudisha muguu!" Mama ya Shaba anajibu: "Ee mama, treni inaondoka, akili yako iko wapi?" Na treni ikaanza. Pale njo Shaba akatosha muguu yake mu dirisha. Muguu muzima, na ile kovu. Akaipitisha mu hewa, kutoka upande ule mpaka upande huu, polepole, sawa mutu mwenye kuruka mutu. "Nimerudisha! Kambo, nimerudisha!" Treni ikamubeba, muguu ingali inje.

Batu ba gare balicheka mpaka machozi. Kambo hakucheka. Alinipangusa majivu pa uso na kitambaa yake, akasema: "Muguu ya dirisha si muguu."

Mi nasema ilikuwa muguu. Tulibishana mpaka siku alikufa. Nikaolewa, myaka ikapita, tumbo kimya. Kambo ananiangalia, kisha anaangalia dirisha tu. Bwana yangu alikuwa mutu muzuri, aliniita Sterili kwa mapendo, kisha akapeleka mapendo yake fasi yenye kuwa na batoto. Jina ikabakia. Ye hakurudi kuitwaa.

Basi juzi nilienda. Bijana bako na ngoma, na mataa, na rangi ya kila namna. Mutoto ya jirani anaimba vile kobalti inaingia mu telefone, inaingia mu motokari. Bote ni kobalti, ao shaba. Mi nangojea. Pa mwisho nikauliza kwa nguvu: "Na Sterili?"

Kijana mwenye kuongoza akasema: "Kambo, siku hizi hakuna tena sterili. Bilima ya sterili ya zamani banaibeba, banaisafisha upya. Kulikuwa kitu ndani. Ba zamani njo habakuona."

"Kweli?"

"Kweli, kambo."

Nikanyamaza. Mi, kunyamaza! Mwalimu angefurahi.

Halafu nikashuka chini, goti moja, goti ya pili, nikalala katikati ya batu. "Kobalti, kuya. Niruke. Pa fasi ya Shaba, kutoka kule, mpaka huku." Ile uso ya buluu ikaogopa. "Kambo! Mi niruke mukubwa? Mama ataniua!" "Ni mi mwenyewe nasema." "Apana, kambo. Unisamehe. Apana." Na iko na haki. Mwenye kumulea alimulea muzuri. Batu benye kuikala pa biti bakapiga makofi, balizania ni tiyatre. Bakaninyanyua na heshima yote, bakanipatia limonadi.

Kilima yetu ya sterili, fasi tulikuwa tunateleza na karto ya maboksi, banaibeba na makamio, malori makubwa, imebakia shimo. Nyumba ya majiwe ya zamani, batu balichimba chini yake mpaka ikakaa chini yenyewe sawa mutu mwenye kuchoka. Sirene hailie. Batu ba njia yangu banasema Mama Sterili iko na bageni kila mangaribi, banasikia sauti. Ni mi. Mwalimu na pua yake, bwana yangu, ule mama pa dirisha ya treni, bote naita na sauti yao, nyumba inajaa. Shaba tu njo ananishinda. Sauti yake ya mutoto niko nayo. Lakini kama angali muzima, iko kizee sawa mi, na ile sauti sikuisikia. Kitu sikusikia, siwezi kuiga.

Basi nalala pa mukeka, mulango wazi. Naita na kinywa ya kambo: "Rudisha muguu!" Kisha nanyamaza, sawa vile mwalimu alinifundisha. Mu njia miguu inapita, ya batoto ba kuchimba, ya bamama ba soko, naisikia moja moja. Inapita.