Kwa Ardis, Kaia Alikuwa Nusu Mtoto

Siku niliyomsikia Ardis Tollefsrud akisema kuwa Kaia wangu ni nusu mtoto, nilikuwa nimepiga magoti nafuta kahawa iliyomwagika chini ya meza yake. Ilikuwa Agosti. Nilikuwa nasafisha ofisi ya wilaya ya shule mara tatu kwa wiki, na Kaia nilikuwa nakuja naye. Alikaa pembeni na kalamu zake za rangi, akisubiri Septemba aanze chekechea.

"Wa miaka minne ni nusu," Ardis alikuwa anamwambia mtu kwenye simu. "Wako thelathini, andika kumi na tano."

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa na uji wa shayiri shavuni, na kiatu cha kulia kakivaa kushoto.

"Nusu ipi hiyo, Ardis?" nikamuuliza alipoweka simu.

"Nusu ya asubuhi," akasema bila kuinua macho. "Ya mchana ni yako."

Ardis ndiye mtunza hesabu wa wilaya yetu. Alikuja hapo akiwa na miaka ishirini na miwili, kumshikia nafasi mtu aliyekwenda kujifungua. Yule mtu hakurudi, na Ardis sasa ana miaka sitini. Ni mwembamba, anaandika kwa penseli, na droo yake ya chini huwa na mfuko wa jibini mbichi, ile inayolia menoni. Mumewe, Orrin, anafuga kondoo kumi na wawili, na ukimwona Ardis mezani utadhani naye ana kundi lake mle kwenye karatasi, analihesabu na kila jioni halitimii.

Mwaka huo halikutimia kwa dola elfu kumi na nne. Kiasi hicho ndicho gharama ya basi la mchana la kilimani, na bodi ya shule ilikwisha sema: basi litaendelea mpaka mwisho wa Oktoba, zikija hesabu za jimbo bila nafuu, litaondolewa.

Chekechea ya watoto wa miaka minne inaisha saa tano na nusu asubuhi. Sisi wa kilimani tuko maili kumi na moja kutoka shuleni. Gari letu ni moja na Lyle, mume wangu, huondoka nalo alfajiri kwenda kwenye kiwanda cha jibini. Asubuhi Kaia angeweza kupanda basi la wakubwa. Kurudi angerudi na nini? Basi la mchana likifa, Kaia angebaki nyumbani, na wenzake kumi na wawili wa kilimani pia.

"Si waongeze kodi kidogo tu?" nilimuuliza Ardis siku hiyo. "Hata sisi tutalipa."

"Hairuhusiwi. Kuna kikomo."

"Nani kakiweka?"

Akaweka penseli chini. Ndipo aliponieleza jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria kichwa kinazunguka. Mwaka 1993, Ardis akiwa bado msichana kazini, wilaya yetu ilijibana. Tanuri la kupashia joto shule lilikuwa bovu, Ardis akashauri litiwe viraka mwaka mmoja zaidi. Akapunguza hiki, akaahirisha kile, kodi ikashuka, watu wakampigia makofi mkutanoni. Orrin akamnunulia koti. Miezi michache baadaye jimbo likatoa sheria: kuanzia sasa kila wilaya isivuke kile ilichokuwa inatumia, ila kwa nyongeza ndogo kwa kila mtoto.

"Majirani zetu wa ng'ambo ya mto walikuwa wametumia kama harusi," akasema. "Wakafungiwa juu. Sisi tuliojibana tukafungiwa chini. Walisema ni kwa miaka mitano."

"Sasa ni mingapi?"

"Thelathini na miwili."

Mimi niliishia darasa la nane, na nyumbani tulifundishwa kuwa anayeweka akiba hulala vizuri. Ardis kila bajeti alikuwa anaipanga juu ya akiba yake mwenyewe ya mwaka ule, kama mtu aliyejijengea dari fupi kisha akaambiwa aishi ameinama.

Mkutano wa mwaka ulifanyika Jumatatu, ndani ya ukumbi wa michezo wa shule. Kwetu wenye nyumba hukaa kwenye viti vya kukunja, wakanyoosha mikono kupitisha kodi. Tulikuwa watu hamsini hivi, na sinia za keki za rubabu, ule mmea mchachu wa bustanini, nyuma. Verlyn Skaar, mfugaji wa ng'ombe sabini, akasimama mapema.

"Gazeti limesema jimbo mwaka huu linatuongezea pesa," akasema. "Basi la mchana lilipiwe kwa hizo, twende nyumbani tukakamue."

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, tena kwa nguvu.

Ardis akasimama mbele na karatasi yake. "Verlyn, una tangi la maziwa?"

"Unalijua. Ulilala mlango wa pili yake siku ile theluji ilipokufungia kwangu."

Watu wakacheka. Orrin naye akacheka.

"Tangi lina mstari," Ardis akaendelea. "Shule nayo ina tangi, na mstari ndio kikomo. Bomba moja ni pesa za jimbo, la pili ni kodi yenu. Jimbo likimwaga zaidi, ninyi mnapaswa kumwaga kidogo. Tangi linabaki vilevile."

"Kwa hiyo jimbo likitupa, shule haipati?"

"Haipati. Unapata wewe, kodi inapungua."

"Lakini mimi sikuomba ipungue. Nimesema basi."

"Najua ulichosema, Verlyn."

"Tangi langu likijaa nanunua la pili."

"La shule halinunuliwi bila kura, na kura tumepiga mara mbili, mara mbili mmekataa."

"Mimi nilikubali," akasema Verlyn. "Aliyekataa ni huyu hapa," na akamwonyesha kaka yake, ambaye alitazama viatu vyake.

Mikono ikanyooshwa, kodi ikapita. Sikuelewa kama nimelisaidia basi au nimelizika. Nilimtazama mama niliyekaa naye, naye akanitazama mimi.

Kesho yake, nikiwa napanguza dirisha la ofisi, nikamwambia Ardis jambo lililokuwa linanisumbua usiku kucha, nalo halikuwa la tangi.

"Mtoto wa dada yangu, kule kusini mwa jimbo, naye ana miaka minne. Dada anasema kwao mtoto ni zaidi ya nusu. Ni kwa sababu wao wengi?"

Penseli ikasimama. "Alisema ni ngapi?"

"Sehemu sita kati ya kumi. Mwalimu wao huja nyumbani siku za Ijumaa."

Ardis akafungua kabati, akatoa kitabu kinene cha jimbo, akalamba kidole. Alikuwa anakijua kile kifungu. Wilaya ikiwapa wazazi wa chekechea saa themanini na saba na nusu kwa mwaka, za kutembelewa na kufundishwa mambo ya mtoto, kila mtoto anahesabiwa sehemu sita kati ya kumi badala ya tano.

"Hiyo nusu saa ya nini?" nikauliza.

"Hakuna anayejua." Akaanza kuandika. "Tulijaribu miaka minane iliyopita. Kina mama walikataa kufungua milango, bodi ikaacha. Sasa sikiliza. Tukifundisha siku nne, Ijumaa mwalimu yuko kwenu, hatumlipi zaidi. Basi la mchana linakimbia siku nne, gharama inashuka mpaka elfu kumi na moja mia mbili. Watoto thelathini, kila mmoja akiongezeka sehemu moja ya kumi, ni watoto watatu. Jimbo linachukua wastani wa miaka mitatu, kwa hiyo mwaka wa kwanza kikomo kinapanda kwa mtoto mmoja. Mtoto mmoja ni elfu kumi na moja mia tatu."

"Mtoto yupi?"

"Hayupo. Ni wa karatasini tu."

"Kwa hiyo akipunguziwa siku za kusoma, anakuwa mtoto mkubwa zaidi?"

"Ndiyo," akasema. "Usiniulize tena, maana nikilisema mara mbili nitaanza kulia."

Siku ya kuhesabu watoto ni Ijumaa ya tatu ya Septemba, na kabla ya hapo familia zilipaswa kukubali kwa saini. Ardis akanichukua kwenye gari lake, kwa sababu kina mama wa kilimani mimi nawajua na yeye wanamwogopa. Nyumba ya kwanza, mama mmoja alisimama mlangoni na mtoto kiunoni.

"Mwalimu aje kutazama vyombo vyangu vichafu?"

"Vyangu ni vichafu kuliko vyako," nikamwambia. "Na wewe unavijua."

"Hilo kweli," akasema, akaweka saini.

Nyumbani kwa Verlyn, ambako mkwewe anakaa, mzee mwenyewe ndiye aliyefungua. Ardis akaeleza. Verlyn akasikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye kitasa.

"Mjukuu wangu anakula sahani ya mtu mzima na ya kaka yake, na wewe umekuwa ukimwandika nusu?"

"Sheria, Verlyn."

"Na Ijumaa mwalimu atakuja saa ngapi? Ijumaa tunakwenda kula samaki."

"Asubuhi."

"Basi aje. Lakini asiniambie mimi jinsi ya kulea." Akamwita mkwewe aje na kalamu.

Tulipata saini ishirini na tisa. Ya thelathini ilitoka kwa mama aliyekuwa amelazwa kwa uzazi. Ardis aliipeleka karatasi hospitali mwenyewe, maili arobaini, na soksi ndogo alizofuma kwa sufu ya kondoo wao.

Oktoba bodi ikakutana. Nilikaa nyuma, Kaia kalala mapajani mwangu. Mjumbe mmoja akauliza kwa nini walipe basi kwa mtoto asiyekuwepo. Mwingine akasema majirani wa ng'ambo ya mto hawahangaiki hivi. Ardis akasimama.

"Hawahangaiki," akasema, "kwa sababu mwaka 1993 hawakuwa na mtunza hesabu mzuri. Ninyi mlikuwa naye. Mimi ndiye niliyewafungia chini, na sitaki kuwafungia hawa watoto nyumbani pia. Pigeni kura."

Hakuna aliyecheka. Nadhani wengine walikuwa hawajui habari ya tanuri lile, na waliojua walikuwa wamesahau kwamba yeye anaikumbuka. Watano wakasema ndiyo, wawili hapana.

Nje, kwenye maegesho, nilimshukuru. Akasema nisimshukuru bado, mwakani jimbo litahesabu upya.

"Lakini basi lipo?" nikauliza. Nilitaka neno moja tu.

"Lipo."

"Na kodi?"

"Imeshuka."

"Basi limebaki na kodi imeshuka?"

"Jimbo lilimwaga zaidi." Alikuwa anatafuta funguo zake mfukoni. "Mwanangu, mwezi Agosti huwa naelewa yote haya. Ikifika Novemba nami napotea. Nenda ukamlaze mtoto."

Jumatatu ya kwanza ya Novemba theluji nyepesi ilikuwa imeanza. Mchana nilitoka mapema mno kumsubiri Kaia, nikasimama karibu na sanduku la barua, mikono kwapani, nikijaribu kumweleza Lyle kwa simu kilichotokea. Nilianza na tangi, nikarudi kwenye Ijumaa, nikakwama kwa mtoto wa karatasini. Lyle akasema, "Sijakuelewa hata kidogo." Nikamwambia asubiri kwenye laini. Basi la njano lilikuwa linapanda kilima, taa zinawaka, na kwenye dirisha la mbele niliona kofia nyekundu ya Kaia.