Kabichi za Mbele ya Kasri

Sababu ya safari hii niitaje mwenyewe, maana imesimuliwa ovyo katika sebule nyingi za Brussels. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mkuu wa idara katika ofisi za mkoa huko Lubumbashi. Wakati soko la mji lilipokuwa tupu, makarani walipanda kabichi katika bustani ya maua iliyokuwa mbele ya jengo letu. Niliamuru zing'olewe. Aliyepinga kwa maandishi alikuwa karani mmoja tu, Maman Odette. Nilimjibu kwa barua ya onyo, nikieleza kwamba mbele ya jengo la serikali hupandwa maua, kama ilivyo mbele ya makasri ya Ufaransa, ambako hakuna kabichi. Ukutani kwangu palikuwa na kalenda yenye picha ya kasri la namna hiyo, nami sikuwa na ushahidi mwingine. Kwa sababu ya barua ile Maman Odette hakupandishwa cheo tena hadi alipoacha kazi.

Leo sote wawili ni wakazi wa Brussels. Yeye ana duka la vyakula huko Saint-Josse, mimi naishi Evere kwa binti yangu Béatrice. Katika kila arusi na kila matanga, Maman Odette alisimulia habari za "Chef mwenye kuogopa ma-choux", yaani mkuu anayeogopa kabichi. Sikuogopa kabichi, nililinda utaratibu. Kwa hiyo parokia yetu ilipotangaza ziara ya siku tatu kwenye makasri ya bonde la Loire, nilijiandikisha siku ileile, na baada ya misa nikatamka mbele ya watu: nikiona kabichi hata moja mbele ya kasri, nitaifuta barua ile kwa mkono wangu. Maman Odette akachukua kalamu, akaandika jina lake chini ya langu.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, ndiyo iliyotajwa kwenye ratiba. Basi liliondoka dakika ishirini na mbili baadaye. Nilimwonyesha dereva karatasi, akaniomba niketi. Ilikuwa Septemba, na ukungu ulitusindikiza hadi mpaka wa Ufaransa. Maman Odette, aliyekaa nyuma yangu, alifungua kopo lake la maandazi.

"Chef, kamata beignet moja. Usiogope, ndani hamuna chou."

Basi zima lilicheka. Nilipokea, kwa kuwa nilikuwa nimeondoka nyumbani bila kifungua kinywa.

Baada ya Paris nchi ilitandazika, mashamba yaliyovunwa pande zote mbili, mnara wa kanisa hapa na pale. Saa nane mchana tulifika Chenonceau. Kasri hilo limejengwa juu ya mto, likisimama kwa matao kama daraja, na maji hupita chini yake polepole. Nililitazama kwa muda mfupi kuliko linavyostahili, kwa maana jicho langu lilikuwa bustanini. Nyasi zilikatwa sawasawa, vichaka vilikuwa vya duara, maua yalifuata mistari. Nilizunguka bustani mbili za mbele, njia kwa njia, nikiandika kwenye daftari. Hapakuwa na jani la kuliwa.

"Maman Odette," nikasema, "umejionea mwenyewe."

"Nimeona, Chef. Ni bizuri sana." Akavua viatu kupumzisha miguu. "Lakini programme inasema tuko na ingine kesho, ao?"

Usiku ule, hotelini Tours, nililala vizuri.

Jumamosi, saa nne asubuhi, tuliingia Villandry. Mgeni hupandishwa kwanza kwenye baraza la juu ili aone bustani yote kwa mara moja. Chini yetu, mbele ya kasri lenyewe, palikuwa na miraba tisa mikubwa, kila mmoja na mchoro wake: buluu karibu na nyekundu, kijani kando ya zambarau, na waridi zimesimama pembeni kama walinzi. Niliandika: "Mfano wa mazulia. Maua ya aina nisizozijua." Maneno hayo bado yamo daftarini, sikuyafuta.

Tuliteremka. Maman Odette alitangulia, kisha akasimama ghafla.

"Chef, kuya hapa. Kamata miwani yako bizuri. Ile ni nini?"

Nilivaa miwani. Ilikuwa kabichi. Mraba mzima ulikuwa kabichi, nyekundu na za kijani kibichi, zimepangwa kwa mistari iliyonyooka kuliko mstari wowote niliowahi kuupiga kwa rula. Mraba uliofuata ulikuwa wa vitunguu, na wa tatu maboga.

"Ni pambo tu," nikasema. "Hawazili."

"Uliza mwenye kazi, donc."

Mtunza bustani mmoja alikuwa amepiga magoti karibu, mwanamke wa makamo mwenye glavu. Nilimwuliza kwa Kifaransa. Akajibu kwa adabu kwamba zinaliwa. Zikikomaa, wafanyakazi huzibeba nyumbani. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba hata hapa bustani hii iliwahi kuondolewa ikawekwa nyasi na miti, kwa kuwa mtindo ulibadilika. Baadaye mmiliki mwingine akairudisha.

Nilikaa kwenye benchi. Nilikumbuka asubuhi ile ya Lubumbashi: wanaume wanne wenye majembe, nami nimesimama na tai shingoni. Maman Odette alikuwa ameinama, akiokota kabichi zilizong'olewa na kuzifunga katika kitenge chake. Alikuwa na watoto watatu. Hilo nililijua, kwa kuwa lilikuwa katika faili lake.

Jumapili, njiani kurudi, watu walianza kunitania. Nilingoja Maman Odette aongoze. Badala yake aligeuka nyuma akasema, "Muache Chef apumuzike," wakanyamaza hadi Brussels.

Jumatatu, Evere, nilipiga barua chapa katika nakala mbili. Béatrice alisoma juu ya bega langu.

"Papa, ofisi ile hata haiko tena. Si umupigie simu tu?"

"Onyo sikulitoa kwa simu," nilimjibu.

Alasiri nilipanda basi hadi Saint-Josse. Maman Odette alisoma barua akiwa amesimama nyuma ya meza ya duka, taratibu, kidole kikifuata mistari iliyosema kwamba onyo limefutwa, kwamba lilijengwa juu ya picha ya kalenda, na kwamba mwandishi wake anaomba radhi. Kisha akaniangalia.

"Chef, hukuweka référence. Ile ya onyo uliweka."

Alisema kweli. Alitoa barua ya zamani kutoka droo, imekunjwa mara nne, akanisomea namba yake ya kumbukumbu, nami nikaiandika kwa kalamu. Juu ya nakala yangu akaandika "Vu et reçu", imeonwa na kupokelewa, pamoja na tarehe na sahihi, kama tulivyofundishwa. Mwandiko wake haujabadilika. Mwisho alichagua kabichi kubwa, akaifunga katika gazeti, akaniwekea mikononi.

"Annexe," akasema, yaani kiambatisho cha barua.

Nilichojifunza Ufaransa ni kidogo, lakini nimekihakikisha kwa macho: niliijua bustani kwa picha iliyokuwa ukutani, na njaa ya makarani wangu niliijua kwa faili, wakati dirisha la ofisi yangu lilitazama vyote viwili. Nakala yenye sahihi nimeihifadhi mahali pake. Atakayeikagua siku moja ajue kwamba kiambatisho hakijapotea. Tulikila jioni ileile, mimi na Béatrice.